Mimea-ini na Kemia ya Udongo: Kwa Nini Huota Hapa, Isiote Pale?

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa mahali inapoota mimea-ini, hujibu bila kusita kwamba huota penye unyevu na kivuli. Jibu hilo ni sahihi, na mtahini atampa alama zake. Hata hivyo ni nusu tu ya jibu. Kingo za vijito viwili zaweza kuwa na kivuli sawa, unyevu sawa na joto sawa, lakini mmea-ini uliotanda katika ukingo mmoja usionekane kabisa katika ule wa pili. Upepo huzichukua spora zake na kuzitupa kote kuwili, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mmea haukupata nafasi ya kufika. Ulifika, ukakataliwa.

Unyevu hueleza kama mmea-ini wowote waweza kuishi mahali fulani. Ni mmea-ini upi utakaoishi hapo, hilo ni jambo ambalo kwa sehemu kubwa huamuliwa na kemia ya udongo. Makala haya yaeleza jinsi uamuzi huo unavyofanyika. Mifano mingi imetolewa Uingereza, kwa kuwa huko mimea hii imechunguzwa bonde kwa bonde kwa muda mrefu. Kisha yataonyeshwa mambo ambayo shule za Afrika ya Mashariki zaweza kuyapima zenyewe.

Mmea usio na mizizi

Mimea-ini ni kundi la mimea midogo ya kijani isiyotoa maua wala mbegu. Pamoja na jamaa zake wadogo wanaofunika mawe na magome kama zulia, huwekwa katika mimea iitwayo briofita. Spishi zinazojulikana duniani ni zaidi ya 7,000. Nyingi zina vijishina na vijani vidogo sana. Nyingine ni kibapa cha kijani kinacholala juu ya udongo, kikigawanyika pande mbili mbili kila kinapokua. Jina lake latokana na vibapa hivyo. Watu wa Ulaya wa zamani waliona kwamba vyafanana na ini, wakadhani kwamba vingeweza kutibu maradhi ya ini, na neno la Kilatini lenye maana ya ini likabaki katika majina ya kitaalamu hadi leo.

Ili kuelewa kwa nini kemia ya udongo ina nguvu kubwa hivyo juu ya mimea hii, yafaa kuilinganisha na mhindi. Mhindi una mizizi inayoshuka chini, na katika mizizi hiyo mna tabaka la seli linalofanya kazi kama bawabu: huruhusu madini fulani kupita na kuyazuia mengine. Maji yakishapita hapo husafiri katika mirija hadi majanini, na majani yenyewe yamevikwa ngozi ya nta isiyopitisha maji kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mzizi wa mhindi ukikuta udongo mbaya upande mmoja waweza kugeukia upande mwingine.

Mmea-ini hauna mizizi ya aina hiyo. Chini ya kibapa chake mna vijinywele viitwavyo raizoidi, kila kimoja kikiwa ni seli moja tu ndefu. Vijinywele hivyo huushikilia mmea juu ya udongo na kusaidia kuvuta maji, lakini si bawabu. Ngozi ya nta ama haipo ama ni nyembamba mno. Maji ya udongo na ya mvua hupanda kwa kunyonywa katika nafasi nyembamba zilizo kati ya raizoidi, huenea juu ya uso wa mmea, na huingia moja kwa moja katika seli. Chochote kilichoyeyuka ndani ya maji hayo huufikia ukuta wa seli bila kupitia mlango wowote.

Ukuta huo nao si kitu kikavu kisicho na kazi. Una sehemu nyingi zenye chaji hasi za umeme, na kwa hiyo huzivuta na kuzishika ioni zenye chaji chanya, kama vile za kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu na shaba. Ioni moja yaweza kuisukuma nyingine na kukaa mahali pake. Kwa sababu hiyo, hali ya maji ya udongo ikibadilika, mmea-ini hubadilika kemikali mara moja, kabla mhindi ulio jirani haujahisi lolote.

Asidi na chokaa

Jambo la kwanza la kutazama ni uasidi wa udongo, ambao hupimwa kwa kipimo cha pH. Udongo wenye pH 7 si wa asidi wala wa alkali. Chini ya hapo ni wa asidi, na juu ya hapo ni wa alkali. Ikumbukwe kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi. Udongo wenye pH 5 una uasidi mara 100 kuliko wenye pH 7, wala si zaidi kidogo kama tarakimu zinavyoweza kumdanganya mwanafunzi.

Mfano mzuri wa kazi ya pH ni wa spishi mbili za jenasi Pellia, ambazo huota Ulaya katika kingo za vijito na mitaro. Kwa macho ya mtu asiyezoea, mimea hii miwili ni mmoja: vibapa vya kijani, laini, vyenye upana wa karibu sentimeta moja. Tofauti huonekana kwa aliyetulia. Pellia epiphylla ina viungo vya kiume na vya kike katika mmea mmoja, na hufunika viungo vya kike kwa kijikunjo kama mfuko mdogo. Pellia endiviifolia ina mimea ya kiume na ya kike mbali mbali, na majira ya kupukutika majani ncha zake hutoa vipande vingi vyembamba vilivyogawanyika, kama mboga ya saladi iliyochanuka.

Mimea hii jamaa imegawana ardhi. Pellia epiphylla hukaa katika udongo wa asidi na katika kingo za vijito vinavyotiririka juu ya miamba isiyo na chokaa. Pellia endiviifolia hukaa penye chokaa: juu ya udongo uliotokana na mawe ya chokaa, au penye chemchemi ambazo maji yake yamepita katika mawe hayo. Kwa hiyo mtaalamu wa Uingereza akitazama ramani ya miamba ya wilaya aweza kukisia, kabla hajaondoka mezani, ni Pellia ipi atakayoikuta katika kijito gani.

Kwa nini mmoja asihamie kwa mwenziwe? Sababu ni zaidi ya moja, na zote hutokana na yale ambayo pH huyafanyia madini mengine. Katika udongo wenye pH ya chini ya 5 hivi, aluminiamu iliyokuwa imefungwa katika chembe za udongo huyeyuka na kuingia katika maji. Aluminiamu iliyoyeyuka ni sumu kwa mimea mingi: hushika mahali pa kalsiamu katika kuta za seli na huzuia ukuaji. Mmea wa ardhi ya asidi lazima uwe na njia ya kuistahimili. Mmea wa ardhi ya chokaa haujapata kuihitaji njia hiyo. Katika udongo wa alkali mambo hugeuka. Aluminiamu hulala, lakini chuma na manganizi navyo hulala pamoja nayo, na fosforasi hushikana na kalsiamu hata isiyeyuke kwa urahisi. Mmea uliozoea kupata chuma bila taabu hudhoofika na kupauka kwa njaa, ingawa chuma kipo tele pale ulipo.

Naitrojeni nayo hubadilika sura. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo usio na asidi kali. Kwa hiyo katika udongo wa asidi mmea hukuta zaidi amonia, na katika udongo wa chokaa hukuta zaidi naitreti. Mtu akisema kwamba mmea fulani "hupenda chokaa", yafaa kuuliza ni kipi hasa unachokipenda: kalsiamu yenyewe, naitreti, au kule kukosekana kwa aluminiamu. Neno "hupenda" hufunika maswali matatu.

Chakula kingi na ardhi iliyoungua

Jambo la pili ni wingi wa virutubisho. Hapa mfano ni mmea-ini unaojulikana kuliko yote, Marchantia polymorpha, ambao picha yake imo karibu katika kila kitabu cha biolojia. Juu ya kibapa chake kuna vikombe vidogo vyenye vidonge vya kijani. Tone la mvua likianguka ndani ya kikombe, vidonge huruka na kuanza mimea mipya. Viungo vyake vya uzazi husimama juu ya vikonyo kama miavuli midogo.

Mmea huu una nususpishi tatu, na kila moja ina ardhi yake. Ya kwanza huota kandokando ya mito na vijito. Ya pili ni ya milimani, penye maji yenye chokaa. Ya tatu hufuata makazi ya watu: bustani, vitalu vya miche, nyufa za sakafu na ardhi iliyovurugwa. Wenye vitalu huijua kama gugu linalotanda juu ya udongo wa vyungu, hasa panapotiwa mbolea na kumwagiliwa maji kila siku.

Nususpishi hiyo ya tatu hujulikana pia kwa tabia ya kufuata moto. Msitu ukiungua, mara nyingi huwa miongoni mwa mimea ya kwanza kuifunika ardhi nyeusi. Huko Alaska imeonekana ikitanda kama jamvi katika miaka michache ya mwanzo baada ya moto mkubwa, kisha ikapungua. Wakulima wa kale wangesema kwamba moto huuita mmea huu. Kemia hutoa maelezo mengine. Majivu yana kabonati za potasiamu na kalsiamu, ambazo hupunguza uasidi wa udongo wa juu. Joto huvunja mboji na kuacha amonia, ambayo baadaye hugeuzwa kuwa naitreti. Fosforasi iliyokuwa imefungwa katika majani makavu huachiliwa. Zaidi ya hayo, mimea iliyokuwa ikitia kivuli imeondoka. Miaka michache ikishapita, mvua huchukua virutubisho, mimea mirefu hurudi, na karamu ya Marchantia hufikia mwisho.

Kuna ushahidi mwingine, nao wapatikana ndani ya mmea wenyewe. Mimea-ini mingi huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni. Kuvu huingia katika kibapa kwa njia ya raizoidi, huuletea mmea fosforasi kutoka mahali ambapo raizoidi haziwezi kufika, na hulipwa kwa sukari iliyotengenezwa na usanisinuru. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa Marchantia paleacea, ndugu wa ule wa vitabuni. Mimea iliyokuwa na kuvu ilikua na kuzaa vizuri zaidi kuliko ile iliyonyimwa kuvu. Lakini Marchantia polymorpha hauna ushirika huo; katika historia yake umeupoteza. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mmea ulioshika maisha ya ardhi yenye chakula tele hauna haja ya kumlipa mchukuzi. Hivyo kemia ya udongo huamua mahali pa kuishi, na kwa muda wa vizazi vingi husaidia hata kubadilisha maumbile ya mmea.

Penye sumu

Jambo la tatu ni madini mazito. Katika Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, shaba ilichimbwa kwa wingi katika karne ya 19. Migodi ilifungwa, lakini vifusi vyake vilibaki, na katika vifusi hivyo mna shaba ya kutosha kuua mimea mingi. Shaba ikiwa kidogo ni kirutubisho. Ikizidi huharibu vimeng'enya na utando wa seli. Hata hivyo juu ya ardhi hiyo yenye sumu huota mimea-ini miwili midogo sana, Cephaloziella nicholsonii na Cephaloziella massalongi, ambayo vijishina vyake ni vyembamba kama uzi. Katika Uingereza huonekana karibu daima penye shaba, hata jina lake la kawaida huko limetokana na shaba.

Haifai kudhani kwamba mimea hii hula shaba kama mtu alavyo wali. Huistahimili pale ambapo washindani wake hushindwa, na kwa hiyo hupata ardhi tupu isiyogombaniwa. Lakini hapa pana jambo la kufikirisha. Mtu mwenye nia njema akivisafisha vifusi vya mgodi, akaviwekea udongo mzuri na kupanda nyasi, huifuta pia spishi ambayo haina mahali pengine pa kwenda.

Wakazi wa Katanga, katika Kongo, hawatalistaajabia jambo hili. Vilima vyao vya shaba vina mimea yake maalumu tangu zamani, na mmoja wao, Haumaniastrum katangense, umewasaidia waakiolojia kugundua mahali ambapo wahenga waliyeyushia shaba. Huo ni mmea wa maua wenye mizizi. Kanuni ni ile ile: ardhi ikiwa na kitu cha pekee, mimea inayoota juu yake hukitangaza.

Dalili na mipaka yake

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu lina mvua, na mwalimu anayetaka kutumia mimea-ini kama kipimo cha udongo hana budi kujua mipaka ya kipimo hicho.

Mpaka wa kwanza ni kina. Raizoidi hazishuki mbali. Mmea-ini huonja udongo wa juu kabisa, labda sentimeta moja au mbili. Juu ya vilima vya mawe ya chokaa katika nchi zenye mvua nyingi, maji huosha kalsiamu ya juu na kuipeleka chini, na mboji hukusanyika na kuwa asidi. Mahali kama hapo mmea wa ardhi ya asidi waweza kuota juu ya kilima cha chokaa, na mizizi ya mti ulio jirani ikawa katika alkali. Mmea-ini haukusema uongo. Ulisema habari za mahali unapokaa. Kwa hiyo mkulima asilitie shamba chokaa, wala asiache kulitia, kwa kutazama mmea-ini peke yake. Mizizi ya mazao yake iko chini zaidi.

Mpaka wa pili ni maji yatokayo mbali. Chemchemi yaweza kuleta kalsiamu kutoka mwamba uliofichika na kuumwagia udongo ambao kwa asili hauna chokaa. Hapo mmea hueleza habari za maji kuliko za udongo.

Mpaka wa tatu ni kwamba mimea-ini mingi haioti udongoni kabisa. Katika misitu ya milimani yenye ukungu, hukaa zaidi juu ya magome, matawi na hata majani ya mimea mingine, na chakula chake huletwa na mvua, ukungu na maji yanayotiririka juu ya gome. Mwaka 1980 mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, alichapisha utafiti wake juu ya misitu miwili ya milima ya Uluguru, Tanzania. Katika msitu mfupi wa juu wenye ukungu, mimea inayokaa juu ya miti pamoja na mboji yake ilifikia takriban tani 14 kavu kwa hekta. Katika msitu wa chini zaidi ilikuwa kama tani 2. Zulia hilo hunyonya mvua na kuiachia polepole, na vijito vinavyoshuka Morogoro hufaidika. Huko ni kemia ya gome na ya mvua inayopasa kupimwa, si ya udongo.

Chokaa cha Loch Fleet

Kama mimea hii hutegemea kemia kwa kiasi hicho, basi mtu anayebadilisha kemia hubadilisha mimea, hata kama hakukusudia. Mfano wa wazi ni wa Loch Fleet, ziwa dogo la Galloway, kusini-magharibi ya Uskoti. Moshi wa viwanda na wa vituo vya umeme ulikuwa umeigeuza mvua kuwa ya asidi. Maji ya ziwa yakawa asidi, aluminiamu ikayeyuka, na samaki wakatoweka. Kuanzia mwaka 1986 unga wa mawe ya chokaa ulimwagwa katika ardhi inayolizunguka ziwa ili mvua iubebe polepole. Maji yakapona, na samaki waliporudishwa waliweza kuishi na kuzaa.

Lakini kinamasi kilichopokea chokaa hicho kilikuwa makazi ya mimea ya asidi, hasa Sphagnum, jamaa wa mimea-ini ambao hujenga ardhi ya mboji ya nchi za baridi. Ilipoangukiwa na chokaa, sehemu yake iliungua na kufa. Katikati ya Sphagnum ndipo huishi mimea-ini kama Odontoschisma sphagni, isiyo na makazi mengine mengi. Dawa ya samaki ilikuwa sumu kwa mimea. Baadaye ilieleweka kwamba dawa iliyo bora ni kupunguza moshi wenyewe.

Somo la Loch Fleet halihusu Uskoti peke yake. Mbolea ya salfeti ya amonia, ikitumiwa mwaka hadi mwaka, huongeza uasidi wa udongo. Majivu na chokaa huupunguza. Na maji yanayotoka shambani huingia kijitoni pamoja na vyote yalivyobeba. Katika ukingo wa kijito hicho mmea-ini, ambao hauna bawabu wala ngozi, ndio wa kwanza kupokea habari.

Kazi kwa shule

Afrika ya Mashariki ina maabara kubwa ya asili kwa somo hili. Milima ya Usambara na Uluguru imejengwa kwa miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mkandamizo, na katika sehemu zake za mvua nyingi udongo umeoshwa hata ukawa asidi. Kilimanjaro ni mlima wa volkano. Karibu na Tanga, penye mapango ya Amboni, mna mawe ya chokaa. Unguja na Mombasa zina mawe ya matumbawe, ambayo nayo ni chokaa. Kando ya vijito vya milimani hupatikana Dumortiera hirsuta, kibapa kikubwa cha kijani kibichi. Marchantia za Afrika, kama M. debilis na M. pappeana, nazo zimo katika eneo hili. Hata mbugani, msimu wa mvua, vibapa vidogo vya Riccia hujitokeza juu ya udongo mtupu kama duara au nyota za kijani, kisha hukauka na kungoja mvua nyingine.

Darasa laweza kufanya uchunguzi ufuatao bila vifaa vya gharama. Kwanza, zichaguliwe sehemu kumi penye mimea-ini juu ya udongo: ukingo wa mtaro, kitalu cha miche, mahali palipochomwa takataka, kando ya ukuta uliopakwa chokaa. Pili, kwa kila sehemu ichaguliwe sehemu nyingine iliyo umbali wa hatua moja au mbili, yenye unyevu na kivuli kama ile ya kwanza, lakini isiyo na mmea-ini. Hatua hii ndiyo ambayo wengi huisahau. Bila ya sehemu ya kulinganishia, vipimo vyote havithibitishi kitu.

Tatu, katika kila sehemu uchukuliwe udongo mara mbili: wa sentimeta moja ya juu, na wa kina cha sentimeta 15. Kila udongo uchanganywe na maji safi ya mvua ya ujazo sawa, ukorogwe, uachwe nusu saa utuame, kisha maji ya juu yapimwe kwa karatasi ya kiashiria. Maji yatumikayo nayo yapimwe, na kila kipimo kirudiwe mara tatu. Shule isiyo na karatasi hizo yaweza kuchemsha maua ya choya: rangi yake huwa nyekundu katika asidi na huelekea kijani katika alkali, ingawa haitaonyesha tofauti ndogo. Nne, matone ya siki yadondoshwe juu ya udongo mkavu. Povu likitoka, chokaa kipo, kwa kuwa asidi ya siki hufukuza kaboni dioksidi kutoka katika kabonati.

Vipimo viandikwe katika jedwali pamoja na tarehe, mahali, kivuli, na habari za moto au mbolea. Mmea ambao jina lake halijulikani upewe namba na uchorwe, wala usibuniwe jina. Kipande cha ukubwa wa ukucha chatosha kwa uchunguzi chini ya lenzi. Zulia zima lisibanduliwe, kwa maana lilichukua muda mrefu kuenea.

Wanafunzi wakiisha kumaliza, huenda wakaona kwamba udongo wa juu na wa chini watofautiana katika sehemu ile ile. Huenda pia wakaona kwamba katika sehemu tatu au nne mmea-ini haukufuata pH hata kidogo, bali ulifuata majivu, au mbolea, au nyayo za watu. Matokeo hayo yasifutwe kwa sababu hayakulingana na kitabu. Mwalimu ayaandike ubaoni pamoja na yale yaliyolingana, na darasa lijadili ni kipimo gani kingine kinachopaswa kuchukuliwa kabla ya mvua za msimu ujao.